Uchungu nao hujaa na kupwa

Mama mdogo aliingia na vidonge viwili vimefungwa katika kipande cha gazeti. Lilikuwa gazeti letu hili hili, ukurasa wa michezo, na nadhani hilo ndilo lililonifanya nicheke kabla sijajua ni vidonge gani.

Ilikuwa Jumapili alasiri, nyumbani kwa mama, Ngamiani, Barabara ya 13. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa na wiki 40 na siku 5. Kwa desturi ya kwetu, mimba ya kwanza mtu hurudi kuzalia kwao, kwa hiyo mwezi mmoja na nusu kabla nilikuwa nimefunga mizigo yangu Dar es Salaam, nikamwacha mume wangu na kazi zake, nikarudi Tanga kuwa binti wa nyumba. Kila asubuhi majirani waliuliza swali moja: "Bado tu?" Mama ndiye aliyejibu. Mimi nilikuwa nimechoka hata kujibu.

"Unaweka chini ya ulimi usiku, kesho asubuhi unapakata," mama mdogo alininong'oneza. "Binti wa jirani yangu alifanya hivyo. Saa nne tu, kamaliza."

Vidonge hivyo navijua. Nimeviandika zaidi ya mara moja katika ukurasa huu. Jina lake ni misoprostoli. Vilitengenezwa mwanzoni kwa ajili ya vidonda vya tumbo, baadaye ikaonekana kwamba vinaukaza mfuko wa uzazi kwa nguvu, na leo vinaokoa wanawake wanaotokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Najua pia vinachoweza kufanya vikitumiwa nyumbani kabla mtoto hajatoka. Pamoja na kuyajua yote hayo, msomaji, sitakudanganya: kwa nusu dakika nilitamani kuvimeza. Miguu ilikuwa imejaa, usiku sikupata ubavu wa kulalia, na kila mtu aliyepita mlangoni aliniangalia tumbo kabla ya uso.

Aliyevichukua mkononi mwangu alikuwa bibi.

Nilishangaa, kwa sababu wiki nzima nilikuwa namwogopa yeye. Bibi yangu mzaa mama amezalisha wanawake kijijini kwao, ng'ambo ya mto Pangani, kwa zaidi ya miaka 30. Alipofika mjini kuningojea nijifungue alikuja na kikapu cha ukindu kilichofunikwa kanga, na mimi nikajua mle ndani mna mizizi. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumkatalia kwa adabu. Niliyapanga vizuri, na takwimu ndani yake. Hayakutumika. Bibi alivifunga vile vidonge tena kwenye gazeti, akamrudishia mwanawe na kumwambia, "Haraka hii ni yako wewe. Mtoto hana haraka."

Msuli unaojizuia

Mwalimu wetu mmoja chuoni aliwahi kutuuliza swali ambalo sikulielewa mpaka nilipobeba mimba. Mfuko wa uzazi ni msuli, alisema, na kazi ya msuli ni kujikaza. Msuli huu huanza na uzito wa gramu 70 hivi, hukua mpaka karibu kilo moja, hutanuliwa na mtoto, maji na kondo la nyuma. Sasa, kitu gani kinauzuia usijikaze kwa miezi yote tisa?

Sehemu kubwa ya jibu ni homoni iitwayo projesteroni. Mwanzoni hutengenezwa na kifuko cha mayai, na kuanzia mwezi wa tatu hivi kondo la nyuma huichukua kazi hiyo lenyewe. Projesteroni huziweka seli za msuli huu mbalimbali, kila moja na lake. Huibana milango ambayo madini ya kalsiamu yangepitia kuingia ndani ya seli, na bila kalsiamu hiyo seli haijikazi.

Nilipotaka kumweleza mama jambo hili nilimtajia wavuvi wa Deep Sea. Ukienda pale asubuhi, wakati wa kupandisha chombo ufukweni, utaona wanaume kumi wameshika mashua na mashua haiendi, kwa sababu kila mmoja anavuta anapotaka yeye. Ndivyo mfuko wa uzazi ulivyo katika mwezi wa saba au wa nane. Mikazo ipo, tumbo linakuwa gumu upande mmoja, linalegea, basi. Daktari wa Kiingereza John Braxton Hicks aliielezea mikazo hiyo mwaka 1872, na jina lake limebaki vitabuni. Mama zetu huiita uchungu wa uongo. Jina hilo la pili silipendi sana. Wakati ule wa usiku hakuna uongo wowote unaousikia.

Kisha, kule Deep Sea, mtu mmoja huanzisha wimbo. Wote wanavuta, wanaacha, wanapumua, wanavuta tena, na chombo kinapanda mchanga. Moyo una sehemu yake maalumu inayotoa amri ya kila pigo. Mfuko wa uzazi hauna kiongozi wa namna hiyo. Katika siku za mwisho za mimba seli zake hujijengea vipenyo vidogo kati ya moja na nyingine, na amri iliyoanzia kwenye seli chache husambaa kwa jirani na jirani mpaka msuli mzima unavuta pamoja. Wakati huo huo seli hujiongezea vipokezi vya oksitosini, homoni inayotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Mwenye mimba changa unaweza kumpa oksitosini na tumbo lake lisijali. Mwenye mimba iliyofika, kiasi kidogo tu kinatosha, kwa sababu masikio ya kuisikia yamekuwa mengi. Kemikali nyingine, prostaglandini, hulainisha shingo ya kizazi iliyokuwa ngumu kama ncha ya pua ikawa laini kama mdomo. Mfano huu wa pua na mdomo ni wa wakunga, si wangu.

Kondoo wana utaratibu wa wazi zaidi kuliko sisi. Kwao mtoto ndiye anayepiga kengele: tezi zake zilizo juu ya figo hutoa kotisoli, projesteroni ya mama inashuka, uchungu unaanza. Kwa binadamu projesteroni haishuki hivyo. Inabaki nyingi katika damu mpaka kondo la nyuma litoke, ila msuli unaacha kuitii. Ni kama mlinzi aliyesimama getini na bunduki yake wakati watu wanaingia na kutoka.

Yote haya huchukua majuma, na yanatimia kwa kila mwanamke kwa wakati wake. Ndiyo maana kliniki walikuwa wameniambia nirudi nikitimiza wiki 41, siyo kabla. Kuanzia hapo Shirika la Afya Duniani linashauri uchungu uanzishwe, hospitalini, kwa kipimo. Kipimo hicho kwa misoprostoli ya kunywa ni mikrogramu 25 kila baada ya saa mbili, na mtu anakuangalia. Kidonge cha kawaida kina mikrogramu 200. Piga hesabu: kidonge kimoja ni dozi nane. Mama mdogo aliniletea viwili.

Aliyoniambia bibi uani

Usiku ule baada ya kula, wengine walipoingia ndani, bibi alibaki uani akitafuna tambuu. Nikamuuliza kwa nini hakuniletea dawa yake, maana nilijua anayo.

"Ninayo," alisema. "Ni ya watu wa tumbo la kuhara. Ile ya uchungu niliiacha."

Nilinyamaza. Kazi yangu imenifundisha kwamba ukinyamaza watu husema.

Alianza na jina la msichana, nami sitaliandika. Mimba ya kwanza, mwaka ambao mama yangu alikuwa bado hajaolewa. Uchungu ulianza polepole, siku ya kwanza ikapita, usiku wa pili ukaingia. Usiku hapakuwa na kuvuka mto. Mama mkwe alikuwa anasema huyu msichana hataki kusukuma, mume anazunguka nje, na wote wanamwangalia bibi. Bibi akachemsha mzizi wake, akampa kikombe. Baadaye akampa cha pili.

"Uchungu una kujaa na kupwa kama bahari," bibi aliniambia. "Unajaa, unapwa, mama anapumua, unajaa tena. Ule haukupwa. Niliweka mkono hapa," akaweka kiganja juu ya tumbo langu, "likawa jiwe. Nikangoja lilegee. Halikulegea. Nikasoma dua zote ninazozijua, jiwe tu. Mtoto alitoka alfajiri. Mtoto wa kiume, mzima kila kiungo, hana sauti."

Msichana alipona. Watu walisema ni mipango ya Mungu, na bibi hakubishana nao. Lakini tangu siku ile, alisema, mwanamke akikawia anamtafutia chombo cha kumvusha, hata kwa kukopa nauli.

Nilikaa pale nikiwa nimeshika tumbo langu. Elimu yangu yote ilikuwa inanieleza kilichompata yule mtoto, na sikuwa na hamu ya kuisema.

Nitaieleza hapa. Mishipa inayopeleka damu ya mama kwenye kondo la nyuma hupita katikati ya msuli wa mfuko wa uzazi. Msuli ukijikaza, mishipa inabanwa, na kwa muda huo damu mpya haifiki. Mtoto anaishi kwa hewa aliyokwisha kuipokea, kama mzamiaji aliyeshusha kichwa chini ya maji. Hilo halimdhuru; ameumbwa kwa hilo. Mkazo wa kawaida huchukua sekunde 40 hadi 60, kisha msuli unalegea, damu inaingia, mzamiaji anatoa kichwa na kuvuta pumzi. Katika uchungu uliokolea mikazo huwa mitatu hadi mitano kwa kila dakika kumi. Ikizidi mitano, na hasa ikishikana, mtoto anazamishwa kabla hajamaliza kupumua. Msuli wenyewe unaweza kuchanika, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mwenye kovu la upasuaji wa uzazi. Huyo haanzishiwi uchungu kwa misoprostoli hata hospitalini.

Mzizi wa Kongo

Kuna wasomaji watakaosema mizizi ya bibi haikuwa na lolote, ni bahati mbaya tu iliyomkuta. Siamini hivyo. Mwaka 1960 daktari wa Kinorwei, Lorents Gran, alikuwa Kongo na kikosi cha Msalaba Mwekundu. Huko aliona wanawake wakinywa maji ya mmea mmoja uliochemshwa ili kuharakisha uchungu. Wenyeji waliuita kalata-kalata. Aliuchukua, akaufanyia kazi kwa miaka, na mwaka 1973 akaandika kuhusu kilichomo ndani yake: protini ndogo inayoukaza mfuko wa uzazi na ambayo haiharibiki kwa kuchemshwa. Iliwachukua wanasayansi mpaka 1995 kueleza umbo lake. Ni pete iliyofungwa, haina mwanzo wala mwisho, ndiyo sababu moto hauifungui. Baadaye, 2013, watafiti walionyesha kwamba protini nyingine ya jamii hiyo hiyo hushika vipokezi vile vile vya oksitosini.

Kwa hiyo bibi hakuwa mjinga, wala yule mama wa Kongo. Walikuwa na dawa ya kweli. Tatizo la dawa ya kweli isiyo na kipimo ni kwamba mzizi wa kiangazi haulingani na wa masika, na kikombe cha leo hakilingani na cha jana. Kikishanywewa hakirudi.

Nisielekeze kidole kijijini peke yake. Nimewahi kukaa katika wodi moja, sitaitaja, nikaona dripu ya oksitosini ikifunguliwa kwa mama aliyekuwa anaendelea vizuri tu, kwa sababu vitanda havitoshi na wengine wanangoja mlangoni. Haraka ya hospitali na haraka ya mama mkwe ni ndugu. Ng'ambo ya bahari hapa, Mnazi Mmoja, Unguja, kati ya 2014 na 2016 wakunga na madaktari waliandaa pamoja na watafiti kijitabu kifupi cha mwongozo wa uzazi kinachoendana na hali halisi ya wodi yao, wakakifanyia semina fupi fupi. Mradi uliitwa PartoMa. Matumizi ya oksitosini ya kuongeza uchungu yalipungua karibu nusu. Watoto waliozaliwa wamekufa walishuka kutoka 59 hadi 39 kwa kila uzazi 1,000. Semina hizo zilikuwa na mambo mengi, siyo dripu tu, lakini niliposoma matokeo hayo nilimkumbuka bibi na kikombe chake cha pili.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani nalo lililegeza kamba. Kanuni ya zamani kwamba njia lazima ifunguke sentimita moja kila saa ilitolewa. Wanawake wengi huenda polepole zaidi ya hapo na wao na watoto wao wakawa wazima.

Zamu yangu

Uchungu ulinianza Jumatatu, saa saba usiku. Wakunga husema uchungu hupenda giza, na hapo sayansi iko upande wao: melatonini, homoni ya usiku, huusaidia msuli uisikie oksitosini. Sikumwamsha mtu. Nilihesabu kwa simu. Kila dakika kumi, halafu nane, halafu kumi na mbili, nikakasirika. Bibi, ambaye nilidhani amelala, alisema kutoka kitandani kwake, "Ukihesabu kwa hasira unaufukuza." Alikaa nyuma yangu, mkono mmoja mgongoni, mwingine juu ya tumbo, na kila mkazo ulipokwisha alisema neno moja tu: "Umepwa."

Woga huuchelewesha uchungu kweli. Adrenalini, homoni ya hofu, huulegeza msuli huu, na ndiyo maana mwanamke huondoka nyumbani na uchungu mkali, akifika wodini ukakatika. Wangu ulikatika kwenye bajaji. Niliona aibu kama mtu aliyeita zimamoto bila moto.

Hospitalini mkunga, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alinipima, akasema njia imefunguka sentimita 4. "Tembea, mama. Kunywa chai. Kojoa usibane." Akachukua karatasi na kuanza kuchora. Chati ya aina hiyo ilianzia jirani tu, mjini Harare, wakati ule ikiitwa Salisbury, ambako mwaka 1972 daktari Hugh Philpott na mwenzake waliweka mistari miwili juu yake ili mkunga aliye mbali na daktari ajue lini asubiri na lini ampeleke mgonjwa. Nimeiandika habari hiyo mara nyingi. Sikuwahi kuiona ikichorwa kwa ajili yangu.

Saa sita mchana nilikuwa sentimita 6. Saa kumi jioni nilikuwa bado 6. Mikazo miwili kwa dakika kumi, tena dhaifu. Mkunga alimwita daktari, wakasikiliza moyo wa mtoto, wakaamua kunipa oksitosini kwenye dripu. Nilimwangalia bibi. Alikuwa anaangalia lile bomba la plastiki.

Waliihesabu kwa matone. Mkunga alivuta kiti, akaweka kiganja juu ya tumbo langu, saa mkononi, na hakuondoka. Kila nusu saa aliongeza kidogo. Mikazo ikawa mitatu, minne. Ikafika sita. Nilijua kwa sababu sikupata tena nafasi ya kusema neno. Tumbo lilikuwa jiwe, na mimi nikamsikia bibi akisema kwa nguvu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Haupwi! Sista, haupwi!"

Mkunga alikuwa ameshainuka. Alizungusha kile kigurudumu kidogo cha bomba, matone yakasimama. Akanigeuza ubavu wa kushoto, akaweka kifaa cha kusikiliza moyo. Oksitosini haidumu katika damu. Ndani ya dakika chache nusu yake imekwisha. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Nakumbuka tumbo likilegea, na sauti ya moyo wa mwanangu ikitoka kwenye kile kifaa, polepole kwanza, kisha haraka haraka kama kawaida yake. Bibi alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa amesimama.

Baadaye waliianza tena kwa matone machache zaidi, nami sikuhitaji mengi. Kichwa cha mtoto kikishuka na kuibana shingo ya kizazi, mishipa ya fahamu hupeleka habari ubongoni, ubongo unatoa oksitosini zaidi, mkazo unaongezeka, kichwa kinabana zaidi. Mzunguko huo hauna breki ila mtoto kutoka. Alitoka saa tatu na robo usiku, msichana, kilo 3.2. Alilia kabla hajamaliza kutoka miguu.

Nilichomwa sindano ya paja mara moja: oksitosini ile ile, safari hii yuniti kumi kwa mpigo, kwa sababu sasa hakuna wa kuzamishwa. Sasa msuli unatakiwa ujikaze kwa nguvu zake zote, maana mishipa iliyokuwa ikilisha kondo la nyuma imeachwa wazi, na nyuzi za msuli ndizo zinazoifunga kwa kuibana. Usipojikaza, mama humaliza damu huku watu wanamshangilia mtoto. Dawa hii huhifadhiwa kwenye baridi, nyuzi 2 hadi 8, na kwa joto la Tanga la Februari, zahanati isiyo na umeme wa uhakika inaweza kuwa inachoma watu maji. Swali la kuuliza zahanati yako ni hilo: friji inafanya kazi?

Walininyonyesha mtoto pale pale kitandani, na tumbo likakaza tena, kidogo. Kunyonya nako huita oksitosini. Bibi huliita chango na huliheshimu. Mama anasema kwa mtoto wa nne lilimuuma kuliko uchungu wenyewe.

Kabla sijasahau, kwa wanaosoma wakiwa na mimba: tumbo likikaza kwa mpangilio kabla ya wiki 37, chupa ikipasuka, damu ikitoka, mtoto akipunguza kucheza, au mkazo usipolegea, usimngoje mtu arudi kazini. Nenda. Na kama umeshameza kitu, mizizi au vidonge, mwambie mkunga hata kama unajua atagomba. Akijua, hatakuongezea dripu juu yake.

Siku ya arobaini mama mdogo alikuja na khanga mpya na sahani ya visheti. Tulimlaza mtoto kifudifudi juu ya mkeka. Aliinua kichwa kidogo, akakiangusha, akainua tena. Watu wakacheka. Mama mdogo hakucheka. Aliniuliza pembeni watoto hukaza shingo wakiwa na umri gani.

Nikamwambia kwa kawaida miezi mitatu, minne.

"Yule wa binti wa jirani yangu," alisema, "ana miezi saba."

Nilimwambia ukweli, kwamba mambo mengi yanaweza kumfanya mtoto achelewe na hakuna ajuaye kwa kumtazama tu. Sikumtajia vidonge, naye hakuvitaja. Aliuliza kama hospitali wana watu wa mazoezi ya viungo, nikasema wapo, na kadiri anavyowahi ndivyo inavyosaidia. Alhamisi tulikwenda wote wanne, mimi na wangu mgongoni, yeye akamshikia yule binti mkoba, na mtoto amelala begani kwa mama yake, kichwa kimeegemezwa kwa kiganja.